Iacheni chumvi, haina kosa

Juzi jioni nilikuwa uani naloweka maharage ya biashara ya asubuhi, mteja wangu mmoja akaja kurudisha bakuli. Kuniona natia chumvi kwenye ndoo, akashika kichwa: "Dada, hayo hayataiva! Chumvi mwisho!" Maneno hayo nimeyasikia kwa wapishi wa shughuli, kwa mabibi harusi, mpaka kwa muuza mkaa. Nimechoka nayo.

Ganda la haragwe lina pektini, yaani gundi inayolishikilia, na kinachoikaza pektini hiyo ni kalsiamu na magnesiamu. Ukiloweka kwenye maji ya chumvi, sodiamu ya chumvi hiyo inaingia ikachukua nafasi yao, ganda likalainika, haragwe likaiva bila kupasukapasuka. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, yalale usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza, injika kwa maji mapya. Anayesubiri kutia chumvi mwisho anapata mchuzi wenye chumvi na haragwe lililopoa ladha ndani. Unabisha? Loweka vikombe viwili mbalimbali, kimoja na chumvi kingine bila, upike siku moja, kisha uje tuzungumze.

Maharage yanagoma kwa mengine. Ndimu, ukwaju na nyanya vina tindikali, na tindikali inakaza. Nyanya isiguse sufuria mpaka haragwe libonyee kwa vidole. Halafu maji. Sisi wa Tanga tumepakana na mapango ya Amboni, na yale ni mawe ya chokaa. Maji yanayopita kwenye chokaa hubeba kalsiamu. Ukiona birika lako limeganda ukoko mweupe, maji hayo oshea vyombo, maharage yapikie ya mvua. La mwisho ni uzee. Maharage yakishuka Lushoto yakiwa mapya hayana taabu, ila yakikaa miezi kwenye gunia kwa joto na unyevu huu wetu wa pwani yanakuwa sugu, utamaliza mkaa bure. Muulize muuzaji yamevunwa lini. Akicheka, sogea meza ya pili.

Hapo ndipo watu hukimbilia magadi na kusema hayana neno. Yanalainisha, sikatai, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi chakula kinanuka sabuni. (Kwenye kande naweka, ncha ya kijiko. Msinitangaze.)

Eti maji ya kulowekea yasimwagwe, ndiyo yenye vitamini. Yana sehemu ya zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Mwaga.

Na ninyi wa moto mdogo usiku kucha, mnaodhani maharage mekundu yakiwa ya uvuguvugu muda mrefu yameiva: yana lektini, sumu isiyovunjika mpaka maji yachemke hasa, na moto wa chini ya nyuzi 80 unaweza kuizidisha. Mbegu nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Yaloweke, mwaga maji, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili. Mimi huyaacha 30. Baada ya hapo punguza moto, au ufunike sufuria kwenye kapu la matambara uokoe mkaa. Tui zito lisubiri mpaka yameiva kabisa, na likishaingia usiondoke jikoni.