Je, wajua kwa nini bata mwitu humfuata mbwa huyu mpaka mtegoni?

Mbwa akitokea ukingoni mwa maji, tunategemea bata watimke. Uholanzi kuna mbwa mdogo ambaye kwa karne kadhaa amefanya kinyume chake. Habweki, hafukuzi, hang'ati. Anatembea tu ukingoni huku mkia wake mweupe ukipepea, na bata wenyewe wanaogelea kumfuata hadi wanaponaswa. Jina lake ni Kooikerhondje, yaani kijibwa cha kooiker. Kooiker ni mtu anayetunza na kuendesha mtego wa bata, ambao Waholanzi huuita eendenkooi.

Ili kumwelewa mbwa, uelewe kwanza mtego. Chukua bwawa dogo lililozungukwa na miti, mahali patulivu kabisa. Utulivu huo ulithaminiwa kiasi kwamba sheria ya Uholanzi iliwapa wenye mitego haki ya kuzuia watu wasiwasumbue bata katika eneo fulani kulizunguka bwawa. Kutoka bwawani huchimbwa mifereji kadhaa inayoelekea pande tofauti, na kooiker huchagua wa kutumia kwa kuangalia upepo. Kila mfereji umepinda, unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoingia ndani, na juu yake umefunikwa kwa wavu. Kando yake husimamishwa viambaza vya matete, kimoja baada ya kingine, vimewekwa mshazari ili bata wasimwone mtu aliyejificha nyuma. Kati ya kiambaza na kiambaza kuna nafasi ya mbwa kupita. Aliyewahi kuona uzio wa fito wa wavuvi wa pwani yetu atauelewa upesi, maana nao haumsukumi samaki, unamwongoza tu mpaka anakuta hana pa kugeukia.

Basi kooiker anamtuma mbwa. Mbwa anajitokeza mbele ya kiambaza, bata wanamwona, kisha anapotea nyuma yake. Mara anajitokeza tena, hatua chache mbele zaidi, ndani ya mfereji. Bata nao wanasogea.

Kwa nini wanasogea? Umewahi kuona ndege wadogo wakimzingira bundi mchana, wakimpigia kelele badala ya kumkimbia? Jambo la bata linafanana na hilo. Adui anayeonekana ana hatari ndogo kuliko adui aliyejificha, kwa hiyo bata walio salama majini hupenda kumwekea macho mnyama kama mbweha anayepita ukingoni, na hata humkaribia. Kooikerhondje, kwa rangi yake ya chungwa iliyokoza na mkia wake mrefu wenye manyoya, huamsha silika hiyo hiyo. Kila akipotea, bata wanataka kujua amekwenda wapi. Isitoshe, bwawani huwepo bata wa kufugwa waliozoea kutupiwa nafaka ndani ya mfereji. Hao hutangulia bila wasiwasi, na wageni hufuata.

Wakishaingia vya kutosha, kooiker anajitokeza nyuma yao. Wanashtuka na kuruka mbele, kuelekea mwisho mwembamba wa mfereji, wanakonaswa. Uzuri wa mfereji kupinda ni kwamba bata waliobaki bwawani hawaoni kitu, wala hawasikii mbweko. Wanaendelea kuelea kwa amani.

Karibu kila sifa ya mbwa huyu imetokana na kazi hiyo. Ni mdogo: dume bora ana kimo cha sentimita 40 hivi, jike 38. Mwili ni mweupe wenye mabaka ya chungwa, na wengi wana ncha nyeusi kwenye manyoya marefu ya masikio, ambazo wapenzi wake huziita hereni. Si mbwa wa kelele, kwa sababu mbweko mmoja ungeharibu kazi ya asubuhi nzima. Na ni msikivu mno, kwani alifanya kazi kwa ishara ndogo za mkono na tonge la zawadi.

Mitego ilipopungua, mbwa naye nusura atoweke. Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja, Baroness van Hardenbroek van Ammerstol. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alimpa mchuuzi aliyezunguka vijijini picha na kishungi cha manyoya, akamwomba amtafutie mbwa wa namna hiyo. Akapatikana jike aitwaye Tommie katika shamba moja jimboni Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na mwaka 1942 akazaa. Uholanzi iliitambua rasmi aina hii mwaka 1971. Leo baadhi ya mitego iliyobaki hutumika kuwafunga bata pete mguuni kwa ajili ya utafiti, kisha wanaachiwa.

Uokozi huo una gharama yake. Kwa kuwa wote wametokana na mbwa wachache, magonjwa ya kurithi yapo: damu isiyoganda vizuri, pia ugonjwa wa uti wa mgongo unaompoozesha mbwa akiwa bado mchanga. Yote mawili yana vipimo vya vinasaba. Anayetaka kumchukua aombe kuonyeshwa majibu ya wazazi wote wawili kabla ya kutoa pesa. Mfugaji asiye na majibu hayo, ningemwacha.

Utunzaji wa manyoya si mzigo. Kitana mara moja au mbili kwa wiki kinatosha, mkazo ukiwa nyuma ya masikio na kwenye mkia, na hanyolewi. Kazi kubwa iko kwenye tabia. Ukimfokea au kumpiga, anajifunga, na kumrudisha huchukua muda mrefu. Huwa na tahadhari kwa wageni, huchoshwa na nyumba yenye makelele, na watoto wafundishwe kumngoja aje mwenyewe. Matembezi peke yake hayamtoshi, anahitaji pia kutumia akili. Ficha vipande vya chakula nyuma ya viti na milango, kimoja baada ya kingine, umwongoze kwa mkono bila kusema neno. Utamwona akipotea nyuma ya kiti na kuibuka mbele yako, mkia juu.