Mbwa wa wiki nne hakupendi zaidi, ana njaa tu

Hapa Unguja kutoka Fuoni mpaka Jambiani maneno ni yaleyale, eti mbwa umchukue mdogo kabisa, wiki nne tano hivi, ndo atakuzoea wewe tu na akikua hamjui bwana mwengine. Siku hizi wapo watu wanaookota vijibwa majaani na fukweni wakaviweka majumbani kwa walezi wa kujitolea mpaka vifike umri wa kutolewa. Sasa ukimwambia mtu asubiri atimize wiki nane anaona anazungushwa, eti yule mlezi keshampenda mbwa hataki kumtoa, basi anakwenda zake kuokota mwengine mtaani ambako hakuna wa kumuuliza suali, na akianza kuharisha analetwa kwangu na mie ndo niambiwe "Dokta mfanyie chochote."

Haya sikilizeni. Mtoto wa mbwa anafungua macho kwenye wiki ya pili, wiki ya nne ndo kwanza anajifunza kulamba uji, bado ananyonya. Huyo anaekufuata mguu kwa mguu jikoni na kulia usiku kucha mnaesema "kashanipenda", hana mapenzi yoyote yule, ana njaa na ana baridi na ndugu zake waliokuwa wakimpa joto hawapo. Ukimpa maziwa ya ng'ombe ndo umemaliza kabisa, yana sukari ya maziwa nyingi kuliko ya mama yake na mafuta kidogo, tumbo haliyawezi, anaharisha, na kijibwa cha umri huo kikiharisha siku moja tu bila ya kula sukari ya damu inashuka, asubuhi unamkuta amelegea ufizi mweupe na ukimvuta ngozi ya shingo hairudi, inabaki imesimama hivyo hivyo. Na hapo bado sijataja minyoo aliyozaliwa nayo.

Tuseme amepona. Bado kuna kitu hukumpa na huwezi kumpa wewe. Kaa barazani kwa mlezi robo saa uwatazame wanavyocheza, mmoja anamng'ata mwenziwe sikio, mwenziwe anapiga ukelele na mchezo unakufa pale pale, anabaki peke yake anashangaa, baada ya muda anarudi anang'ata tena lakini safari hii kidogo. Akimzidishia mama yake anang'akiwa. Hilo ndo somo la meno, na linasomwa hasa kwenye wiki ya tano mpaka ya nane. Aliyetolewa kabla anakuja kusomea kwenye vidole vya watoto wako, halafu mnaniambia "huyu mbwa mkali Dokta", wakati si mkali, hajui tu meno yake yanauma kiasi gani.

Jengine ni kuwa baina ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndo mbwa anaamua kitu gani katika dunia cha kawaida na kitu gani cha kutisha. Aliyekaa nyumba ya mtu kasikia adhana, kasikia sufuria ikianguka, bodaboda, mtoto akilia, kaona kuku na paka, ukimleta kwako hashtuki. Ndo mana mie kama nnachagua namchukua wa kwa mlezi aliyefika wiki nane, tisa, hata kumi, kuliko yule aliyefungiwa bandani peke yake. Na hiyo khofu ya kuwa atakuwa kashamzoea mlezi muitoe kabisa, mbwa anamzoea anaemlisha na kukaa nae, hata mkubwa wa miaka minne akipewa wiki chache anakuwa wako. Muulize mlezi anakula nini na mara ngapi, dawa ya minyoo kapewa tarehe gani, anaogopa nini, na omba kipande cha kanga kuukuu walichokuwa wakilalia, ukiweke pale atakapolala kwako. Wananicheka kwa hili la kanga lakini usiku wa kwanza wanalala.

La pili linalonikera: "keshachanjwa." Mara ngapi? "Moja." Basi hajamaliza. Kwenye maziwa ya mwanzo mama anampa mtoto kinga, na kinga hiyo hiyo inaiua chanjo, na inaisha siku tofauti kwa kila kijibwa. Kwa kuwa hatujui inaisha siku gani, tunaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Mlezi akikupa kadi yenye tarehe za kurudi usiitie kwenye droo. Kabla hajamaliza usimuachie fukweni wala njia za mbwa wengine, mpakate barazani aone watu. Virusi vya pavo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu, vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, hasa penye kivuli, vinaingia ndani na viatu vyako, sabuni ya kawaida haiviui, klorini ndo inaviua. Kama uani kwako kafa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu mwambie mlezi ukweli kabla ya kuchukua.

Eti kijibwa hakina kichaa cha mbwa mpaka kikue. Kinaweza kuwa nacho, umri hauna kinga. Chanjo yake anaanza miezi mitatu. Pemba waliumaliza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, 2016 ukarudi na mbwa walioletwa kutoka nje ya kisiwa, ikabidi wachanje upya mpaka 2018 ndo ukaisha tena. Ukiumwa na mbwa usiyemjua osha jaraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, mambo ya kupaka pilipili acheni.

Eti walezi wakitaka hela basi wanauza mbwa wa jaa. Hizo hela ndo chanjo, dawa ya minyoo na kuhasi, piga hesabu ya kuvilipia vyote mwenyewe halafu tuzungumze.

Eti mbwa ni najisi basi ndo hafugwi. Mie si shekhe, waulizeni masheikh, lakini hata watoto wa chuo cha Kurani wanajua kilichorambwa kinaoshwa mara saba moja kwa udongo, na mbwa wa ulinzi na wa kuwinda ana ruhusa yake. Mpe bakuli lake na banda kavu lenye kivuli uani. Cheni fupi chini ya jua la saa saba ndo sikubali.

Eti mpe pilipili, au mfungie kizani awe mkali. Atakuwa muoga, na muoga ndo anaemng'ata mgeni wako badala ya mwizi.

Na dawa ya minyoo ni kila wiki mbili mpaka miezi miwili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Msisubiri muone minyoo kwenye choo ndo mje, na watoto waoshe mikono, kwa sababu minyoo hiyo inawaingia na wao.