Chupa ya maji haitakuambia kama kizimba chako kina sumu

Wafugaji wa samaki wa vizimba hapa Jinja, Uganda, wakitaka kupimiwa kemikali wananiletea chupa ya maji ya ziwa, "dokta tuangalizie sumu", na mimi nawajibu nileteeni chakula mnacholisha na tope la chini ya kizimba, hayo maji yaacheni kwanza. Kemikali sugu kama PCB (kemikali za viwandani), daioksini (sumu inayotokana na kuchoma taka na viwanda) na DDT (dawa ya wadudu ya zamani) hazipendi maji, zinapenda mafuta, zikishuka majini zinakimbilia kwenye tope na kwenye mafuta ya viumbe, kwa hiyo chupa yako inaweza kutoka safi kabisa na samaki amebeba mzigo.

Wenzetu wa baharini yaliwakuta mapema. Mwaka 2004 jarida la Science lilitoa utafiti, samaki aina ya salmoni kama 700 hivi toka pande nyingi za dunia, wa kufugwa wakakutwa na PCB nyingi kuliko wa porini, na wa Ulaya wakawazidi wa Amerika Kusini. Kisa ni chakula. Salmoni anakula nyama, alikuwa analishwa unga na mafuta ya visamaki vidogo, sasa hivyo vya bahari za Ulaya vimeishi jirani na viwanda miaka yote, ukivikamua mafuta umekamua na PCB humo humo. Norway walibadilisha: mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha salmoni wao ilitoka baharini, leo ni chini ya 30, nafasi imechukuliwa na soya na mafuta ya mimea. PCB zikashuka, omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki, nazo zikashuka, ndo hivyo.

Ngege wetu (tilapia) ana nafuu, hana mafuta mengi na soya na mahindi anakula vizuri tu. Mimi kinachonipa wasiwasi ni mukene (dagaa) wa kuchanganyia chakula, maana wapo wanaompulizia dawa ya wadudu akiwa anakauka, na muuzaji hakwambii ng'o. Pia mafuta ya transfoma kuukuu, hayo ndo makao ya PCB yenyewe, usithubutu kuyapaka kwenye mbao za kizimba hata ukipewa bure.

Ukija na tope, chota la juu juu chini ya kizimba, weka kwenye chupa ya kioo, funika na foili kabla ya kifuniko, usitumie kaveera (mfuko wa plastiki) wala chupa ya soda ya plastiki, kisha weka kwenye barafu. Samaki mlete na tumbo lake na ngozi, mafuta yako huko.