Hapana mjomba, si pleibeki

Jumamosi iliyopita tulikuwa harusini, na mjomba wangu, kwa nia njema kabisa, akanitambulisha kwa watu wa mkeka wetu. "Huyu mtoto wetu ndiye anayetunga ule muziki. Wenzake wanapiga chelo na ganuni, yeye anafungulia kompyuta." Jirani yake akatikisa kichwa kama mtu aliyeteguliwa kitendawili. "Aa, pleibeki!"

Nilikuwa na sambusa mdomoni, ndiyo iliyoniokoa. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu, na mara ya pili neno hilo lilitoka kwa mpiga kinanda, mtu ambaye nilitegemea anajua. Basi leo naandika.

Pleibeki sote tunaijua. Msanii anapanda jukwaani, fundi mitambo anabonyeza, wimbo unatoka mzima mzima, sauti yake ikiwemo humo ndani, naye anafuatisha midomo. Maikrofoni ikimponyoka, wimbo unaendelea. Akienda chooni, wimbo unaendelea. Sina ugomvi na pleibeki, mtu lazima ale. Nina ugomvi na kufananishwa.

Ninachotunga mimi ni muziki wa chemba, na neno hilo nimelishikilia makusudi. Wazungu walimaanisha muziki wa chumbani, watu watatu au wanne wanaopiga bila mtu wa kusimama mbele na kijiti. Kiswahili kinaongeza kitu ambacho wao hawana: mtu akikuita chemba, ana jambo la kukuambia wewe tu, na hataki meza ya pili isikie. Tungo zangu nyingine ni za ala tupu. Nyingine zina kompyuta, na hiyo kompyuta nimeiita chemba kama nilivyomwita mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, na mpiga ganuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi. Hizi ndizo zinazoniletea maneno.

Watu huuliza kama kuna sauti iliyorekodiwa kabla. Mara nyingi ipo, sifichi. Lakini swali hilo halikufikishi popote. Uliza nani anamsubiri nani.

Aliyelelewa na taarabu ya asilia analijua hili hata kama hajawahi kulitaja. Mwimbaji akiona mtu anakuja kumtunza, anaweza kulivuta neno, na fidla hazimkimbii; zinazunguka palepale mpaka ashuke. Kundi zima linamsubiri. Kisha inafika zamu ya kiitikio, na sasa yeye ndiye anayelisubiri kundi. Kusubiriana huko ndiko kupiga pamoja kwenyewe. Sasa mkaribishe kwenye kundi mpigaji asiyeona, asiyepumua, na asiyejua kwamba bi harusi ameingia ukumbini. Kazi yangu ni huyo.

Na mambo haya hayakuanza na laptopu. Mwaka 1944, Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya, akaenda kurekodi ngoma ya zari, ile ya kinamama ya kutuliza mashetani, ndugu wa ngoma zetu za pepo. Akarudi nayo studio ya redio, akaipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akazipunguza sauti za chini mpaka waimbaji wakabaki kama ukungu. Paris, Pierre Schaeffer alitoa tungo zake za kwanza za kelele zilizorekodiwa mwaka 1948. Hesabu mwenyewe, Cairo ilitangulia. Tukija kwenye ala inayopigwa pamoja na utepe wa sauti zilizorekodiwa, mtunzi Bruno Maderna alishaandika ya filimbi, matoazi na utepe mwaka 1952. Mbio, mbio, naomba tusikae hapo.

Tukae kwa mtunzi Mario Davidovsky, maana yeye ndiye anayeninyima usingizi. Mwaka 1970 aliandika Synchronisms namba 6, piano na utepe, na mwaka uliofuata ikampa tuzo ya Pulitzer ya muziki. Utepe ule haubadiliki hata nukta. Kwa kipimo cha mjomba, hiyo ni pleibeki iliyohitimu. Sasa sikiliza mwanzo wake. Piano inagonga noti moja, Sol ya juu. Piano ikishagongwa, sauti yake haina pa kwenda ila chini. Nyundo imeshaondoka, hakuna pumzi wala upinde wa kuiongezea. Lakini noti hii inapanda. Inavimba. Utepe umeipokea Sol ileile bila mshono kuonekana, na kwa muda mfupi unasikia piano ikifanya jambo ambalo piano haiwezi. Noti moja, ina wenyewe wawili. Mpiga piano asipogonga kwa uzito unaofaa, mshono unafumuka na kila mtu anauona. Utepe haumsubiri, ni kweli. Ila mtunzi ameshamsubiri mapema, kwenye karatasi: kaacha nafasi pale mpigaji anapohitaji kupumua, kabana pale asipohitaji. Kwa hiyo hata sauti iliyogandishwa kwenye utepe si lazima iwe pleibeki. Mpiga kinanda wangu, hii ni yako.

Upande wa pili ni tungo ambazo kompyuta inamsikiliza mpigaji palepale. Philippe Manoury aliandika Jupiter ya filimbi mwaka 1987 huko IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, na ndani yake mashine inafuata noti za mpigaji ili ijue wamefika wapi. Kaija Saariaho, Mfini aliyefariki 2023, katika NoaNoa ya 1992 alimpa mpiga filimbi pedali ya mguu: ukikanyaga, tukio linalofuata linaamka. Vijana wa leo, wa huku kwetu wakiwemo, wanachanganya njia hizi watakavyo. Msikilizeni Mkenya Nyokabi Kariũki, ambaye kwenye peace places: kenyan memories ya 2022 alitungia sauti alizozirekodi nyumbani.

Mimi ni mtu wa pedali. Utungo wangu wa chelo, ganuni na kompyuta una mikanyago 23. Mpiga chelo wangu huvua viatu, anasema kwa soli hajui kama amekanyaga. Usiku mmoja, katika mkanyago wa 13, unyayo wenye jasho uliteleza ukagonga mara mbili. Kwenye kioo changu ikasomeka 14. Nikarukia kitufe cha kurudi nyuma, nimeshachelewa: sauti ya chelo inayokwenda kinyumenyume ilikuwa imeshatoka kwenye spika, mistari minne kabla ya wakati wake. Yeye akaisikia. Hakunitazama mimi wala ukurasa wake. Akaiacha ile mistari minne, akatua kwenye 14 kama aliyekuwa anaijia tangu mwanzo. Mpiga ganuni akamfuata nusu pumzi baadaye. Waliokaa mbele walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Pleibeki haikosei hivi, na mtu wa pleibeki hana cha kuokoa.

Sasa ucheleweshaji. Hapa nitawachosha, mnivumilie.

Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, yaani mita moja inakula takriban milisekunde 3. Watu wawili waliokaa mita tatu na nusu mbalimbali wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde 10, na hakuna anayelalamika. Kompyuta nayo inachelewa: inakusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, kifurushi kifurushi kabla ya kuzigusa. Kifurushi cha sampuli 256, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 5 na kitu. Kuingia na kutoka, inazidi 10. Nzuri. Kompyuta imekaa mita tatu na nusu kutoka kwa mpiga chelo, kama mwenzao mwingine.

Lakini nikitaka ichambue rangi ya sauti, nyuzi zilizomo ndani ya sauti, inahitaji dirisha la kama sampuli 2,048. Hizo ni milisekunde 43. Hapo kompyuta imehama kiti, imekwenda kukaa mita 15, kule mlangoni kwa anayekata tiketi. Nikitaka itambue noti ya waya mzito wa chelo, Do ya chini kabisa yenye hezi 65, yaani mawimbi 65 kwa sekunde, mambo yanakuwa magumu zaidi, maana wimbi moja tu la noti hiyo linachukua milisekunde 15, na mashine haiwezi kusema kwa uhakika ni noti gani kabla ya kusikia angalau mawimbi mawili. Hakuna laptopu ya kununua itakayotibu hilo. Kikomo kimo ndani ya noti yenyewe. Kwa hiyo siandiki kamwe mahali ambapo kompyuta inatakiwa kudaka Do ya chini papo hapo. Naandika ije nyuma, kama mtu mzito anayeinuka kitini, na nafanya kule kuchelewa kuwe ndiyo tabia yake. Huko ndiko kusubiriana. Mtunzi asiyejua hesabu hii atamlaumu mpigaji, na nimeona wakilaumiwa.

Halafu ganuni. Programu nyingi za kutambua noti zimezaliwa zikiamini kwamba duniani kuna noti 12 tu. Mpiga ganuni akiingia bayati, mojawapo ya maqamu, ile mipangilio ya noti ya Kiarabu, hatua ya pili inakaa katikati ya Mi na Mi bemoli, yaani Mi iliyoshushwa nusu hatua, pale panapotakiwa hasa, na programu inaanza kutapatapa: Mi, Mi bemoli, Mi, Mi bemoli, kama taa ya uani yenye waya uliolegea. Kila inapobadili mawazo inanitupia sauti tofauti. Mwaka mzima nilidhani kosa ni langu. Dawa ni kuikataza isitaje noti kabisa. Nasoma hezi tupu, naamua mwenyewe. Natumia Pure Data, programu ya bure ya Miller Puckette, kwa sababu inaniruhusu ukaidi huo, na pia kwa sababu ni ya bure.

Spika nitasema haraka kwa sababu nikianza sitamaliza. Fundi mitambo, kaka yangu, nakuheshimu, ila usiipandishe spika yangu juu ya mnara wa pembeni. Iweke chini, nyuma ya kiti cha chelo, ielekee dari au ukuta, ili sauti ya kompyuta itoke mahali anapotoka mtu. Ikitoka juu kule, sikio linagawanyika: watu wawili hapa, na redio kubwa kule. Hapo hata mimi nasikia pleibeki. Na tafadhali usiongeze eko. Najua ukumbi ni mkavu. Najua mwimbaji wa jana aliipenda. Eko yangu imo ndani ya utungo: chelo ikinyamaa mwangwi unarefuka, chelo ikipaza sauti mwangwi unafupika. Ukipaka yako juu yake ni sawa na kumimina sukari kwenye mchuzi wa mwenzako akiwa amekwenda kuchukua sahani.

Sasa yale nisiyoyasema nikiwa nimevaa shati la kola.

Kuna onyesho moja ambapo maikrofoni ya chelo ilizimwa kwenye mikseri kwa bahati mbaya. Kwa sekunde kama 40 kompyuta yangu ilikuwa inasikiliza kimya, na kwa kuwa inasikiliza kimya, haikufanya lolote. Sekunde 40 ambazo nilikuwa nimezifanyia kazi wiki tatu. Hakuna aliyegundua, isipokuwa mpiga chelo, aliyenigeukia na macho ya "uko wapi?" Baadaye watu wawili walinisifia sehemu ile, wakasema ilitulia. Sijapata jibu la kujipa. Naweza kusema mpigaji hupiga tofauti akijua anasikilizwa, na naamini hivyo, lakini usiku ule hakuwa anasikilizwa na alipiga vizuri mno. Huenda nusu ya ufundi wangu ni kwa ajili yetu wawili tu. Basi, chemba ni chemba.

Na hizi tungo zinaoza. Karatasi ya chelo itasomeka miaka 200. Jupiter ilizaliwa kwenye mashine ya IRCAM iliyoitwa 4X, ambayo leo hakuna anayeiwasha, ikabidi ihamishiwe kwenye programu mpya ili iendelee kupigwa. Manoury ana watu wa kumhamishia. Mimi nina faili za miaka sita iliyopita ambazo laptopu mpya inazifungua kwa kuandika maneno mekundu. Siku hizi, kwenye kila ukurasa naandika kwa maneno ya kawaida kompyuta inafanya nini: "pokea Re, ishushe nusu hatua ndani ya sekunde nane, ifie chini." Mtu ataijenga upya kwa kifaa chochote kitakachokuwepo. Au ataipa fidla ya pili ifanye. Siku nyingine nawaza kwamba ningeipa fidla ya pili tangu mwanzo.

Mjomba aliomba nimtumie rekodi ya onyesho. Nikamtumia kwa WhatsApp, na ndiyo, sasa hiyo yote ni pleibeki, amenishinda hapo. Jana usiku akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake televisheni inasoma taarifa ya habari. "Mwanangu, nimesikiliza yote. Ile ganuni tamu. Ila kule mwanzo, ile sauti kama kioo kinakwaruzwa, ile kompyuta yako ndiyo iliyonikera."

Ile ni chelo, mjomba. Upinde umekaa juu kabisa ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Kompyuta inaingia dakika ya tatu, chini ya ganuni.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Bado sijatuma.