Kabla hujafungua kitabu cha keneli, angalia mwaka

Kila baada ya siku chache anatokea mtu anauliza, jamani nataka kuingia kwenye mambo ya keneli (kile kiini cha mfumo endeshi kama Linux, kinachosimamia vifaa vya kompyuta na programu) nianze na nini, anapewa vitabu sita na linki kumi na tano, miezi mitatu baadaye ukimuuliza umefika wapi anakwambia bado yuko sura ya pili. Si mvivu huyo. Amebebeshwa mambo ambayo watu wanaambiana tu, mengine hayajawahi kuwa kweli na mengine yalikuwa kweli muda wake ukapita. Naanza na lile linalowaumiza wengi.

DHANA: Kitabu kizuri ni kizuri tu, hata kikiwa cha zamani.

Kwa vitabu vya hesabu, sawa. Kwa keneli ya Linux ni nusu nusu. Chukua Linux Device Drivers toleo la tatu, ndicho utakachotajiwa kabla ya vyote, na kipo bure mtandaoni kihalali kabisa. Kilitoka 2005, kimeandikwa kwa keneli 2.6.10. Maelezo yake ya intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza kazi ya prosesa), ya kufuli (za kuzuia wawili wasiguse data moja kwa pamoja), ya kwa nini kodi yako hairuhusiwi kulala, yaani kusimama ikisubiri, ikiwa ndani ya intarapti (kodi ya programu hapa, siyo ya nyumba), hayo bado yanafaa mpaka leo. Ila nakili mfano wake uukompaili (uugeuze uwe programu ya kuendeshwa) kwenye keneli ya sasa uone, utatapikiwa makosa skrini nzima na utadhani mjinga ni wewe. Wala. Ile ioctl ya ndani ya file_operations (orodha ya fanksheni za draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa) iliondolewa kwenye 2.6.36 mwaka 2010, ikabaki unlocked_ioctl. create_proc_entry ya kutengeneza faili ndani ya /proc (folda ambamo keneli inaonyesha habari zake) ikafutwa kwenye 3.10 mwaka 2013, ukaambiwa tumia proc_create, watu wakazoea, halafu mwaka 2020 ikaja 5.6, proc_create ikagoma kupokea file_operations, sasa inataka proc_ops. class_create, ya kusajili kundi la vifaa, nayo ilikuwa inadai vitu viwili, tangu 6.4 ya 2023 inadai kimoja. Kwa hiyo hata video ya juzi juzi inaweza kuwa imeshachacha.

Na huo si uzembe, ni msimamo wao. Watu wa Linux wanajibana wasivunje programu za mtumiaji zinazoongea na keneli kutoka nje, lakini ndani kwa ndani hakuna ahadi, fanksheni inaweza kubadilishwa jina, kupunguzwa au kufutwa kabisa, mradi aliyebadilisha awarekebishe wote wanaoitumia humo humo ndani. Wameiandika wazi kwenye nyaraka zao, faili linaitwa stable-api-nonsense, lisome, ni fupi na lina maneno makali kidogo. Sasa ukishika kitabu chochote uliza kwanza ni cha keneli toleo gani, kisha chukua mawazo kitabuni na kodi kaichukue kwenye keneli yenyewe. Ukitaka mifano iliyo karibu zaidi na leo kuna Linux Kernel Module Programming Guide, ni ya siku nyingi lakini imeshasasishwa kwa keneli za 5 na za 6, bure pia.

DHANA: Huwezi kujua keneli mpaka uandike OS (mfumo endeshi) yako kuanzia sifuri.

Hapa watu wanachanganya safari mbili. Kuna kuunda kiOS chako cha kuchezea, na kuna kufanya kazi ndani ya keneli iliyopo kama Linux. Ni safari tofauti na vifaa vyake tofauti. OSDev wiki ni hazina ukiwa safari ya kwanza, GDT na IDT (majedwali ambayo prosesa ya x86 inayahitaji kwa memori na intarapti), peji za memori, vyote utavikuta, ila mtu anayerekebisha draiva ya USB kwenye Linux anaweza kumaliza mwaka mzima hajagusa GDT hata mara moja. Na wengi wanaoanza cha kwao wanafia kwenye butiloda (programu ndogo inayoipakia keneli kompyuta ikiwaka), wiki sita mtu anapigana na sekta ya kwanza ya diski wakati GRUB, butiloda iliyo tayari, ipo na butiloda yenyewe wala siyo keneli. Halafu angalia unanakili kwa nani. Kuna mafunzo fulani ya kuandika OS yalipendwa sana, wakayanakili wengi pamoja na makosa yake, mpaka OSDev wiki ikabidi wafungue ukurasa mzima wa kuorodhesha makosa hayo tu.

Mimi kama ningeulizwa ningemwelekeza anayeanza kwenye xv6. Ni keneli ndogo ya kufundishia, MIT waliiandika 2006 kwa kuiga Unix (mfumo endeshi wa zamani) toleo la 6, na tangu 2019 wanafundishia ile ya prosesa za RISC-V. Mistari yake haifiki elfu kumi, inakuja na kitabu chake chembamba cha bure, na mazoezi ya darasani yako wazi kwa yeyote. Linux ina zaidi ya milioni 30, ingawa usitishike sana na hiyo namba maana sehemu kubwa ni draiva, na ile ya kwanza kabisa ya mwanzilishi wake Linus Torvalds mwaka 1991, toleo 0.01, ilikuwa kama mistari elfu kumi tu. xv6 unaweza kuisoma yote ukaimaliza. Linux hakuna aliyeimaliza.

Tukiwa hapo hapo kwenye Unix toleo la 6. Miaka ya 1970 John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Australia aliichambua kodi yake kwa ajili ya wanafunzi wake, kisha leseni ya toleo la 7 ikakataza kodi hiyo kufundishwa darasani, basi uchambuzi wake ukawa unazunguka kwa fotokopi ya fotokopi mpaka ulipochapishwa rasmi 1996. Katazo hilo hilo ndilo lililomsukuma Andrew Tanenbaum aandike Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, mwaka 1987. Leo vyote viko bure na bado tunasema hakuna pa kujifunzia.

DHANA: Lazima uwe mtaalamu wa asembli (lugha ya prosesa yenyewe) na uwe umemeza vitabu vya Intel.

Vile vitabu vya Intel vina kurasa zaidi ya elfu tano, ni kama kamusi, unafungua ukiwa na neno la kutafuta. Linux karibu yote imeandikwa kwa lugha ya C. Ila C yenyewe iwe imekaa kichwani, pointa za fanksheni, struct ndani ya struct, na ukikutana na container_of uweze kueleza inafanya nini bila kubabaika. Na ujue ni C iliyovuliwa nguo: hakuna printf, kuna printk, hakuna malloc, kuna kmalloc, namba za desimali kwa kawaida huzigusi, na staki yako (memori ya muda ya fanksheni) kwenye x86-64 ni KB 16 tu, ukitangaza safu kubwa ndani ya fanksheni umejimaliza. Kuhusu Rust, lugha nyingine ya programu, ndiyo imo tangu 6.1 ya Desemba 2022, lakini atakayekwambia uruke C kwa sababu hiyo hajajaribu, kwa sababu kila unachokigusa kwa Rust upande wa pili kinaongea C.

Eti utaua kompyuta yako? Hapana, tumia QEMU (kompyuta ya kuigiza ndani ya dirisha), keneli ikianguka unafunga dirisha unaanza tena, na ukiiwasha kwa -s -S unaunganisha gdb (ya kuchunguza programu ikiendeshwa) unatembea mstari kwa mstari. Eti kukompaili kunakula siku nzima? Inakula kama umechukua konfigi (mipangilio) ya distro (Linux iliyofungashwa, kama Ubuntu) yenye moduli maelfu (vipande vya keneli vinavyopakiwa vikihitajika). Jaribu make localmodconfig, inabakiza moduli ambazo mashine yako imezipakia tu, au ukiwa unatumia QEMU, defconfig, ile konfigi ya kawaida, inatosha.

DHANA: Ukitaka kuchangia, fungua GitHub utume.

Iliyoko GitHub ni nakala tu, ukituma huko hakuna wa kuipokea. Viraka (mabadiliko yako ya kodi) vinakwenda kwa imeli, maandishi tupu, kwa git send-email. Kabla ya kutuma unapitisha scripts/checkpatch.pl ikukague, kisha scripts/get_maintainer.pl inakwambia umpelekee nani. Linux Foundation wana kozi ya bure, LFD103, inayofundisha utaratibu huo mwanzo mpaka mwisho. Watu wanawaelekeza wapya kwenye drivers/staging (folda ya draiva ambazo bado hazijaiva) wakasafishe nafasi na mabano, na sawa, kiraka kimoja au viwili uzoee njia, ila usikae huko, utajua kutuma imeli vizuri sana na keneli usiijue.

Halafu kuna vifaa vya kujifunzia ambavyo watu hata hawavihesabu. Elixir ya Bootlin, unabofya jina la fanksheni unaona imeandikwa wapi na inaitwa na nani, na unachagua toleo unalotaka, hapo ndipo lile tatizo la kitabu cha 2005 linapoisha. git log na git blame zinaonyesha historia ya kodi, mstari usioeleweka mara nyingi aliyeuweka alieleza sababu. LWN, tovuti ya habari za Linux, wanaandika habari za keneli tangu 1998, mpya zinaanza kwa waliolipia kisha zinafunguliwa kwa wote, na ukitafuta kitu kama RCU (njia ya kusoma data bila kufuli) utakuta mfululizo wa makala unaozidi sura ya kitabu chochote.

Na yule anayesubiri amalize kusoma ndiyo aanze kugusa, afungue xv6 leo, aifuate getpid (wito unaoiuliza keneli namba ya programu inayoendeshwa) kutoka programu ya mtumiaji mpaka ndani ya keneli na kurudi, ni faili chache tu, kisha aongeze wito wake mwenyewe pembeni yake. Usipofanya kazi mara ya kwanza ni kawaida, karibu kila mtu anasahau kuusajili kwenye syscall.c.