Mchicha, kiporo na mtoto mchanga: maswali ya akina mama wa Ngamiani

Hapa Tanga kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu, kwamba mchicha wa mbolea ya dukani una sumu iitwayo nitrati. Nimeulizwa sana, najibu.

Nitrati ni sumu?
Yenyewe si sumu. Ni chakula cha mmea, hufyonzwa udongoni iwe imetoka kwenye samadi au yurea. Mchicha, spinachi, saladi na biti mara nyingi huwa na zaidi ya miligramu 1,000 kwa kilo. Nyanya na vitunguu kwa kawaida havifiki 200. Mbolea ikizidi, au bustani ikiwa kivulini, hulimbikizana zaidi.

Basi tuache mchicha?
Msiache, nawaomba. Kiwango salama kilichowekwa kimataifa ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kila siku, maisha yote. Kwa mtu wa kilo 60 ni 222. Siku ukizidisha kwa sahani ya mchicha wa nazi, hujajidhuru. Bakteria wa ulimini hugeuza sehemu ya nitrati kuwa nitriti, nayo husaidia kulegeza mishipa ya damu na kushusha presha. Kamulia ndimu: vitamini C huzuia nitriti isiunde kemikali zinazohofiwa kuleta saratani.

Nikichemsha je?
Hupungua ukimwaga maji, ila na vitamini zinakwenda.

Mwanangu ana miezi saba. Namsagia mchicha asubuhi, namlisha mpaka jioni. Kuna ubaya?
Upo, mama, na hapa ndipo hofu yetu ingepaswa kuwa. Mchicha uliopikwa ukikaa kwenye joto letu la pwani, bakteria hugeuza nitrati kuwa nitriti ndani ya bakuli, kabla hata mtoto hajaonja. Nitriti ikiingia kwenye damu huharibu uwezo wake wa kubeba hewa ya oksijeni. Mtu mzima mwili wake hurekebisha upesi. Mtoto mchanga bado hana nguvu hiyo. Pika kidogo, alishwe mara moja, kinachobaki kula wewe. Kiporo cha mboga ya majani asipewe, hata ukikipasha moto, kwani moto hauondoi nitriti.

Na maji ya kisima?
Kisima kilicho karibu na choo au zizi kinaweza kuwa na nitrati nyingi, hasa kwenye ardhi ya mawe ya chokaa kama ya Amboni, inayopitisha maji upesi. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika kuhusu watoto waliogeuka rangi kwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya namna hiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu lakini nitrati hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua. Wa chini ya miezi sita anyonye tu ziwa la mama. Ukiona midomo, fizi au kucha za mtoto zimekuwa za buluu au kijivu, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Dawa yake ipo, huchomwa kwenye mshipa.