Hapana, Utafutaji Haumo Ndani ya Ramani

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, na mteja niliyemtengenezea ramani ya tovuti yake. "Fundi, ramani imekaa vizuri sana. Sasa hapo juu tuwekee tu kale kaboksi ka kutafuta, tufunge kazi."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma. Mteja anauza gesi ya kupikia, ana mawakala Dar nzima, na bei tuliyopatana ilikuwa ya ramani peke yake. Kwake yeye kaboksi ni kama kitasa: mlango si upo tayari, kitasa kinashindikana nini? Nimeshayasikia haya kwa wenye maduka, kwa mwenye hosteli, hata kwa wenzangu wanaotengeneza tovuti, na hao ndio wanaoniudhi zaidi maana wanatakiwa wajue. Basi naandika mara moja. Atakayefuata nitamtumia kiungo.

Ramani unayoiona kwenye tovuti ni picha. Imekatwa vigae. Kwenye ngazi ya sifuri dunia yote ni kigae kimoja cha pikseli 256 kwa 256. Ukishuka ngazi moja kila kigae kinazaa vinne, ngazi ya tatu vinakuwa 64, na ukifika kwenye ngazi ya kuona vichochoro vya Manzese ni mabilioni. Kivinjari kinachukua vile vichache vinavyoenea kwenye kioo chako, kinavipanga kama fundi wa sakafu. Neno "Kimara" lililo pale juu ni wino. Hakuna anayelijua ndani ya kivinjari. Na wewe unayetaka kuniambia kwamba siku hizi kuna vigae vya vekta, majina yanakuja kama maandishi: sawa, yanakuja ya eneo unaloliangalia. Ukiwa unaangalia Mbagala, huwezi kuitafuta Tegeta ndani ya vigae ambavyo havijapakuliwa.

Kutafuta ni kazi ya jiokoda. Jiokoda ni daftari kubwa la majina, kila jina na latitudo na longitudo yake. Unalipelekea neno, linakurudishia namba mbili, halafu msimbo wako ndio unaoiamuru ramani iende huko. Picha na daftari vinaweza kutoka kwa watu tofauti, vikasasishwa siku tofauti, vikaja na bili tofauti. Ndiyo maana duka linaweza kuonekana wazi kwenye ramani na ukiliandika kwenye kisanduku usilipate.

Kabla ya hapo kuna wanaoanzia kwenye fremu. Unaingia Google Maps, unabonyeza kushiriki, unanakili kipande cha kupachika, unakibandika kwenye ukurasa. Ni bure na kwa mwenye duka moja inatosha kabisa, sina ugomvi nayo. Lakini jina lenyewe linasema: ni fremu, kama zile za kupanga Kariakoo. Umepewa mlango na kuta, ukitaka kubomoa ukuta wa kati mwenye jengo hakuruhusu. Rangi si yako, pini za mawakala wako 60 huwezi kuzimwaga mle, na ukurasa wako hauwezi kujua mgeni amebonyeza nini ndani. Ukitaka hayo, unahamia kwenye maktaba ya msimbo: ya Google, ambayo tangu katikati ya 2018 inadai ufunguo, yaani mfuatano wa herufi unaokutambulisha kwao, uliounganishwa na akaunti ya malipo, au Leaflet au MapLibre ukiwa na vigae kutoka kwingine. Na ule ufunguo usihangaike kuuficha. Kila kivinjari lazima kiuone ndipo ramani ije. Ufungie kwa jina la tovuti yako, weka kikomo cha matumizi, endelea na maisha.

Haya. Kaboksi nikaliweka. Kwa haraka, kwa hasira kidogo, na jiokoda ya kwanza iliyokuwa mkononi.

Siku ya pili mteja akanipigia. Mama mmoja yupo Kimara, ameandika "Korogwe", ramani imeruka hadi Tanga. Karibu kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na hapo chini imemwandikia kwa adabu kwamba wakala wa karibu naye yuko mbali kidogo.

Asiyeijua Dar atasema mama amekosea. Hajakosea. Korogwe ni kituo cha mwendokasi pale Kimara. Na ukiifuata Barabara ya Morogoro kuja mjini utavipita Kibo, Argentina na Kagera, halafu tawi la Barabara ya Kawawa linaishia Moroko. Yaani ukipanga vituo vya basi letu kwa macho ya jiokoda umezunguka Tanga, kilele cha Kilimanjaro, Amerika ya Kusini, Bukoba na Afrika ya Kaskazini, na bado hujalipa nauli ya pili.

Dawa ya kwanza ambayo kila mafunzo yanakupa ni kufunga nchi. Unaiambia jiokoda irudishe majibu ya Tanzania peke yake. Argentina inapona. Korogwe haiponi, kwa sababu Korogwe ya Tanga ni Tanzania halali, mji wenye wilaya yake, na kwa jiokoda mji una uzito kuliko kituo cha basi. Dawa ya pili ni kuchora mstatili kuizunguka Dar na kuiambia itafute humo. Hapa soma maelezo kwa makini: kuna mpangilio wa kupendelea mstatili na kuna wa kulazimisha. Ukipendelea, Tanga bado inaweza kupenya. Ukilazimisha, wakala wako wa Kibaha anapotea siku utakayosahau kuutanua.

Halafu inakuja Mbezi, na hapa mstatili haukusaidii kitu, kwa kuwa zote zimo ndani. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo. Mbezi Mwisho, ambayo wengine wanaiita Mbezi Luis, iko Barabara ya Morogoro, kule kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Katikati kuna Mbezi Juu. Mtu akiandika "Mbezi", mafunzo mengi yanakufundisha uchukue jibu la kwanza kwenye orodha. Nakusihi usichukue jibu la kwanza. Muulize. "Mbezi ipi?" Kila konda wa daladala anauliza hivyo, na hakuna abiria aliyewahi kusema konda ni mbovu.

Nikaamua kuhifadhi yanayoandikwa kwenye kisanduku, maneno matupu bila ya kujua ni nani, nikakaa nayo jioni moja. "mbez mwisho". "kwa azizi ali". "kariako". "nyuma ya sheli". "rangi3". Mmoja kaandika "hapa". Wengi tu wameandika "gesi", maana juu ya kisanduku niliandika "Tafuta", na nani kawaambia kwamba kinatafuta mahali? Kwao kutafuta ni kutafuta. Sikuwa na la kujitetea. Kisanduku cha kutafuta ndani ya kurasa za tovuti ni mnyama wa tatu kabisa, hakijuani na jiokoda wala na ramani. Nikabadilisha maandishi yakawa "Kituo cha daladala kilicho karibu nawe", na kwa heshima ya yule wa "hapa" nikaweka kitufe cha mahali alipo.

Kilichotatua kazi hatimaye hakikuwa na ujanja wowote: jedwali langu mwenyewe la vituo na mitaa, kila kimoja na majina yake yote ya mdomoni na makosa yake ya kawaida ya tahajia. Neno linapoingia linalinganishwa na jedwali kwanza, kwa ulinganishi unaovumilia herufi iliyokosekana. Likikosekana kabisa ndipo linakwenda kwa jiokoda. Korogwe ikawa na majibu mawili, la Kimara likiwa juu. Ni kazi ya mkono, inachosha, na hutaiuza kama teknolojia.

Usisome haya ukadhani data ya Dar ni haba. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wameichora mitaa, nyumba hadi mifereji ya maji ya mvua kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kuna kata zinazopendeza kuliko miji ya wenye pesa. Tatizo ni jina. Mstari wa mtaa unaupima mara moja. Jina linaishi mdomoni mwa watu na linahama. Nimeongeza majina mbadala kadhaa kule OpenStreetMap, na kila nikiongeza nasita. Niandike Moroko au Morocco? Kwa Aziz Ali inaanzia wapi na kuishia wapi? Wazee wawili wa mtaa mmoja watakupa mipaka miwili, na wote wawili wana haki.

Mengine nayapitia mbio. Ukitaka mapendekezo yatokee mtu anapoandika, jua kwamba kila herufi ni ombi: "Mbagala" ni maombi saba, na mwenye huduma anayahesabu. Subiri kama milisekunde 300 baada ya herufi ya mwisho ndipo utume. Seva ya umma ya Nominatim, jiokoda ya OpenStreetMap, inakataza kabisa mapendekezo ya namna hiyo na inataka ombi lisizidi moja kwa sekunde. Photon, jiokoda nyingine ya data hiyohiyo, ndiyo iliyotengenezwa kwa mapendekezo hayo. Majibu ya jiokoda ya Google hayaruhusiwi kuonyeshwa juu ya ramani ya mwingine, na latitudo zake huna ruhusa ya kuziweka ghalani kwa kudumu. Jina la OpenStreetMap kwenye kona usilifute kwa sababu mteja kasema linaharibu muonekano.

Na mpangilio wa namba. Leaflet inataka latitudo kwanza, GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, inataka longitudo kwanza. Ukizigeuza, Kariakoo inahamia Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Ukidondosha alama ya kutoa, uko milimani Ethiopia. Ukiona mawakala wote wamerundikana baharini kusini mwa Ghana, huko ni sifuri kwa sifuri, jedwali lako lina nafasi tupu.

Kwa pini za mawakala nilimwomba kijana wa bodaboda apite duka kwa duka anitumie lokesheni. Zikaja, baadhi zimeangukia upande wa pili wa barabara. Kwenye Barabara ya Morogoro upande wa pili si mchezo, katikati kuna njia ya mwendokasi, mwenye gari atakwenda mbali kutafuta pa kugeuzia. Nikazisogeza kwa mkono. Lakini nizisogeze hadi mlangoni, ambako bodaboda anafika, au barabarani, ambako gari linasimama? Nimeweka mlangoni. Wiki ijayo huenda nikageuza.

Jingine linanisumbua zaidi. Chini ya ramani niliweka orodha ya kawaida: kituo, maelezo kama "mkabala na sheli, mlango wa bluu", na namba ya simu ya wakala. Niliiweka kwa ajili ya wenye simu zisizomudu ramani. Kila ninayemwona akifungua tovuti ile anaipitisha ramani kwa kidole gumba, anafika kwenye orodha, anabonyeza namba na kuanza kuongea. Juzi nikaipandisha orodha juu, ramani ikashuka chini.

Jioni ujumbe ukaingia: "Fundi, mbona ramani siioni? Halafu kale kaboksi kananiuliza Mbezi ipi."

Nimemjibu kwa swali: na yeye anaulizia Mbezi ipi?